Bunduki Iliyovuta Pumzi

Bunduki ya hewa ikifyatuliwa hutoa pumzi. Hilo halihitaji elimu. Springi inajinyoosha, pistoni inakimbia, hewa inakisukuma kirisasi nje, mtutu unapumua kidogo na mambo yamekwisha. Ile aliyoinunua Wilf Tranter ilifanya hayo yote vizuri tu. Ila ilipokwisha kunyamaza, ikavuta hewa ndani, polepole, kwa mkwaruzo, kama mtu aliyebanwa na pumu.

Wilf aliishusha begani akaitazama. Alikuwa uani kwake, Smethwick, Uingereza, kwenye kile kiukanda cha majani ambacho Mavis mkewe hukiita bustani, na kopo la maharage likining'inia kwenye ua wa mbao.

"Nini hicho?" Mavis aliuliza kutoka mlango wa jikoni.

"Ngozi ya pistoni, ile ya kuziba hewa. Imekauka."

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi ndivyo ninavyohema?"

"Ukipanda ngazi, ndiyo. Ingia ndani, chai inapoa."

Wilf hakuingia. Bunduki ile aliitafuta tangu alipokuwa akifunga mashine kiwandani mpaka alipostaafu. Ilitengenezwa mtaa wa pili, kwenye kiwanda kilichokufa kabla ya vita, na ukutani mwake palikuwa na nafasi moja tu tupu, nayo ilikuwa ya hiyo. Aliipata kwa Bi Hester Foley, mwanamwali kizee anayeishi ng'ambo ya mfereji. Bi Hester alimkabidhi akiwa ameishikilia kwa mikono miwili, akasema, "Piga mara moja kila jioni, kijana. Na usiifungue." Wilf, kijana wa miaka sitini na kitu, akaitikia ndiyo mama, sawa mama. Mkusanyaji akiwa ananunua kwa ajuza, macho yake yako kwenye skrubu na masikio yake ameyaacha nyumbani.

Na huyu alikuwa ndiye mwalimu wa wenzake! Kila mwezi klabu ya wakusanyaji wa bunduki ilikutana chumba cha nyuma cha baa, na Wilf akisimama na bilauri yake ya bia watu walinyamaza. Tazameni vichwa vya skrubu, alikuwa akisema. Kikiwa kimetafunwa, jueni kuna mpumbavu alipita humo na bisibisi isiyolingana. Pimeni kitako, maana wengi walikikata ili kimfae mtoto. Nuseni mdomo wa mtutu. Ukinuka mafuta yaliyoungua, mwenyewe alikuwa akiimiminia mafuta kama anakaanga chipsi, na springi imeshapigwa na mlipuko. Msiiache imekokiwa usiku kucha. Msiisugue kwa msasa, kutu ni bora kuliko ung'aavu wa uongo. Na juu ya yote, kilichotoka ndani ya bunduki, hata kama ni takataka, msikitupe. Kitieni koponi.

"Wilf angeweza kuoa bunduki," Nev Round, katibu wa klabu, alikuwa akitania, "ila hajapata yenye kitako asilia."

Basi siku iliyofuata Wilf akaifungua, kwenye kibanda chake cha kazi pale uani.

Tangu mwanzo kazi ilimkataa. Skrubu ya kwanza ilikuwa imetafunwa, bisibisi ikateleza ikamchana kiganja. Skrubu ya pili haikutoka mpaka alipoipasha moto. Alipoilegeza springi, ikamponyoka kwenye jiliwa ikaruka ikavunja dirisha la kibanda. Mwisho, huku damu ikimchuruzika na baridi ikiingia dirishani, akaichomoa pistoni, akaona kilichofungwa mbele yake. Haikuwa ngozi ya kiwandani. Kilikuwa kipande cheusi kilichokatwa kwa kisu cha jikoni, ukingo wake umepinda, na pembeni kina mwanya mdogo wa kupitishia kamba. Mtu alikuwa amekata ulimi wa buti, buti dogo, akautia ndani ya bunduki ya kifalme.

"Mafundi wa kubandika!" Wilf alifoka peke yake. "Mungu awalaani mafundi wa kubandika!"

Akakitupa kile kipande kwenye jiko la kuni la kibandani. Yeye, Wilf Tranter, mwenye makopo yaliyopangwa rafu nzima, kila kopo na kitu kilichotoka kwenye bunduki fulani. Hasira hasara. Ile ngozi ilichukua muda mrefu kuungua, na haikunuka ngozi. Ilinuka kafuri na maziwa yaliyoungua, harufu ya chumba cha mtoto mgonjwa, na ilikaa kibandani siku nzima ingawa dirisha lilikuwa limevunjika.

Akatia ngozi mpya, safi, aliyoiloweka mafuta mpaka ikalainika. Bunduki ikatema kirisasi miguuni pake. Akaifungua tena, akakuta ile ngozi imekauka na kupasuka kama biskuti. Akatia nyingine, ikawa vilevile. Akabadilisha springi, springi ikakatika vipande viwili mahali pasipo na kutu. Skrubu alizozichonga mwenyewe kwa mkono wake, vichwa safi, asubuhi alizikuta zimetafunwa.

"Iuze," alisema Mavis.

"Kwa nani? Ipo vipandevipande."

"Basi itupe. Umekuwa na kisirani, Wilf. Hata paka amehamia kwa jirani." Akakohoa kidogo, akajipiga kifua kwa ngumi. "Na ukome kuvutia tumbaku jikoni."

"Sijavuta jikoni."

"Kuna kitu kinanibana humu."

Wilf hakusikia. Samahani, alisikia, lakini alikuwa na springi mkononi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Wiki zilipita, Mavis akawa anapumzika katikati ya ngazi, mkono ukutani, akijifanya anatazama picha ya harusi yao. Daktari alimpa pampu ya kuvuta dawa akasema ni kifua cha msimu wa baridi. Jikoni ile harufu ya kafuri ilikuwa inakuja na kuondoka, na Mavis alidhani ni dawa ya daktari, na Wilf alidhani ni marashi ya Mavis, wala hawakuulizana.

Halafu bunduki ikaanza kupona. Hiyo ndiyo iliyomtia Wilf wazimu wa furaha, kwa kuwa aliiunga tena kwa vipande vilevile vibovu, hakubadilisha kitu. Jioni moja, giza la saa kumi la majira ya baridi likiwa limeshatanda juu ya mapaa, akaikoki, akalenga, akafyatua, na kirisasi kikatoboa kopo la maharage upande huu kikatokea upande wa pili kikaganda kwenye mbao. Haikuvuta hewa safari hii. Ilinyamaza kabisa, kama mtu aliyeshiba. Wilf akakimbilia ndani nayo mkononi, mzee mzima, akiita, "Mavis! Mavis, njoo uone!"

Mavis alikuwa sakafuni kando ya jiko, amekaa na miguu imenyooka kama mwanasesere, midomo yake ya buluu, macho yamemtoka, mdomo ukifunguka na kufumba bila sauti, na Wilf alipopiga magoti kumshika akasikia ile sauti, ile hhhh ya mkwaruzo, akataka kumshukuru Mungu kwamba mkewe amevuta pumzi, lakini kifua cha Mavis hakikuwa kimepanda, sauti ilikuwa inatoka kwenye bunduki iliyolala sakafuni karibu naye, bunduki isiyokokiwa, isiyoguswa na mtu, na mkono wa chuma wa kuikokia ulikuwa unainuka na kushuka wenyewe, kidogo, kwa mpigo wa mtu aliyelala usingizi mzuri.

Aliipiga teke ikateleza mpaka uani, akafunga mlango. Mavis akapata hewa. Hakupata nyingi, lakini alipata.

"Nani huyo mtoto?" alinong'ona.

"Mtoto gani? Usiseme, mke wangu, pumzika."

"Alikuwa amenikalia hapa." Akaweka kiganja kifuani. "Mzito. Anakohoa."

Usiku uleule Wilf aliitupa bunduki kwenye mfereji. Akarudi akamkuta Mavis anakoroma kifuani kama mtu mwenye maji kwenye mapafu, na mto wake umelowa maji yenye harufu ya mfereji. Basi akarudi mbio na kulabu ya kuchokolea makaa aliyoifunga kwenye mti wa ufagio, akalala kifudifudi ukingoni kwenye barafu, akivua na kutukana na kulia mpaka akaipata. Maishani mwake alilia mara chache, lakini hapo alilia, kwa woga na kwa hasira pia, maana alikuwa anahangaika kuiokoa ileile aliyotaka iangamie.

Asubuhi akabisha kwa Bi Hester. Ajuza alifungua mlango kidogo, akalitazama kovu la bisibisi kiganjani mwake, akasema, "Umeifungua."

"Mke wangu hapumui."

"Nilikwambia usiifungue."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema sawa mama, sawa mama. Walikuja watatu kabla yako, wote wakisema sawa mama huku wakitazama skrubu. Ingia, unaniletea baridi."

Alimkalisha karibu na moto. Hakumpa chai, na kwa watu wa huko hilo ni tusi zito. Akamweleza. Bunduki ile baba yake Hester alimnunulia Clem, kaka yake Hester, akamkatia kitako ili kimtoshe begani. Clem hakuipiga hata majira mawili. Dondakoo lilimkaba, nyumba nzima ikawa inamsikia akiitafuta pumzi, mpaka asubuhi moja hawakumsikia tena.

"Baba hakukubali," alisema Bi Hester. "Alikata ulimi wa buti la Clem akautia mle ndani. Akasema kama kifua cha mtoto kimeshindwa kuvuta hewa, hiki cha chuma kitamvutia. Kila jioni risasi moja. Clem anapata pumzi yake, anatulia. Baba alipokufa nikashika mimi."

"Na ukaniuzia mimi!"

"Mikono, kijana." Akamwonyesha vidole vilivyopinda kama mizizi. "Siwezi tena kuukunja huo mkono wa kukokia. Nilitafuta mtu anayejua kutunza. Walisema wewe hutupi kitu. Nipe hiyo ngozi, nitakuonyesha inavyorudishwa."

Wilf akatazama moto.

"Iko wapi?" Bi Hester aliuliza, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtoto. "Iko wapi ngozi ya kaka yangu?"

Wilf akaendelea kuutazama moto. Kaa likaporomoka kwenye wavu.

"Basi hana kwake," alisema mwishoni. "Amechukua kifua kilicho karibu. Atakimaliza. Ukitaka amwachie, mpe ngozi nyingine ya kukaa. Iliyovaliwa na mtu miaka mingi, ikanywa jasho lake, na mwenyewe aikate kwa mkono wake, kwa hiari."

"Na huyo mwenyewe itakuwaje?"

"Atakuwa mzima kama Clem. Risasi moja kila jioni, na asiifungue mtu."

"Lakini Clem amekufa."

"Ndiyo maana sikusema atakuwa mzima kama mimi."

Wilf alikuwa na mabuti ya kiwandani chini ya ngazi, aliyoyavaa mpaka kustaafu. Alikata ulimi wa buti la kulia kwa kisu cha jikoni, maana hakuona haja ya kutafuta kisu kizuri. Ukingo ukapinda. Mwanya wa kamba ukabaki pembeni. Akaufunga mbele ya pistoni, akarudisha springi, akarudisha kila skrubu, na kwa mara ya kwanza bunduki ile haikumkatalia. Kila kitu kiliingia mahali pake kama ufunguo na kitasa chake. Alipokaza skrubu ya mwisho, kitu kizito, kidogo, chenye baridi kikamkalia kifuani, kikajisogezasogeza, kikakaa. Akatoka uani akafyatua. Bunduki ikatoa pumzi, ikanyamaza, ikavuta, na kifua chake kikapanda pamoja nayo.

Jikoni Mavis aliita, "Wilf? Umeweka birika?" Sauti yake ilikuwa nzima.

Tangu hapo wakaishi hivyo. Hawakwenda tena Weston kuona bahari, kwa sababu nani angefyatua jioni? Bunduki haikuning'inizwa ukutani, nafasi ilibaki tupu, na klabuni Wilf alipoulizwa alisema bado anaitengeneza. Ilimkera kuliko woga wenyewe. Kitu alichokitafuta umri mzima alikuwa nacho, na hakuweza kukionyesha, kukiuza, wala kukipaka mafuta. Majira ya baridi yaliyofuata akateleza kwenye barafu akavunjika mguu, na Mavis, ambaye alishaelezwa yote lakini hakuwahi kugusa bunduki, akawa ndiye anayetoka uani kila jioni na koti lake la nyumbani, akiukunja mkono wa kukokia kwa goti na kumlaani Clem kwa upole kama bibi anavyomlaani mjukuu.

Jumamosi moja Nev Round alikuja kumtazama mgonjwa, na pai ya nyama ya nguruwe ndani ya mfuko wa karatasi.

"Nenda zako sokoni, Mavis," alisema. "Nitamlinda huyu mzee asikimbie."

Mavis alisita, akamtazama Wilf. Wilf akamwashiria aende. Bunduki Mavis alikuwa ameshaiweka juu ya meza ya jikoni, tayari kwa jioni.

"Nilikuwa napita juzi nikaisikia," Nev alisema walipobaki wawili. "Inakohoa bwana! Wewe, Wilf Tranter, una bunduki inayokohoa! Hiyo ni ngozi."

"Iache, Nev."

"Nimeiacha, nimeiacha. Nasema tu."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalifika kabisa ulimini. Lakini huyu ndiye Wilf aliyewahi kumfukuza mwanachama kwa sababu alitia kipande cha mkanda wa suruali kwenye pistoni. Amwambie Nev ametia buti? Amwambie kuna mtoto? Kabla ya giza kuingia habari ingekuwa imeenea baa nzima. "Nitaishughulikia nikipona," alisema, akafumba macho, na vidonge vya mguu vikamchukua.

Kilichomwamsha ni sauti aliyoijua kuliko sauti ya mama yake, kriii ya skrubu inayotolewa na mtu mwenye bisibisi inayolingana. Jikoni Nev alikuwa anapiga mluzi. Wilf akafungua mdomo amwite, na hapohapo ikalia springi, tlang, imelegezwa, na hewa ikamtoka Wilf yote, ikatoka na haikurudi, akawa anavuta kwa mdomo wazi kama samaki kwenye kapu na hakuna kinachoingia, akainua mkono akaupiga kwenye mkono wa kiti, ukatoa mlio wa kitambaa tu, akaisukuma bilauri ya maji, ikaanguka kwenye zulia bila kuvunjika, na Nev kule akaacha mluzi akacheka, "Lo! Buti! Aliyeitia hii ngozi angepigwa viboko! Lala, lala, ndugu yangu, usijisumbue, nakaribia kumaliza," na chumba kikajaa harufu ya kafuri, na nyuma ya kiti mtu mdogo akakohoa.

Nev aliingia akijifuta mikono, uso unang'aa kwa wema. Chumbani hapakuwa na mwanga ila wa moto wa gesi.

"Nilikuja na ngozi mpya mfukoni, nilitaka iwe zawadi," alisema. "Uliifuga miezi yote hiyo na buti ndani, masikini, nani angekulaumu, na mguu huo. Na usiwe na wasiwasi," akacheka, akamwekea Wilf kopo la tumbaku kwenye kiganja, akavikunja vidole vyake juu yake, "ile ya zamani sikuitupa. Wewe ndiye uliyetufundisha. Acha, usinishukuru. Ngoja niijaribu uani kabla giza halijakolea."

Akatoka. Wilf alikuwa anamtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo.

Kifuniko cha kopo hakikubana sawasawa. Kidole gumba kilitosha kukisukuma. Ndani, ulimi wa buti lake la kulia, mweusi, umepinda ukingo, ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, taratibu, bila shida yoyote, na chini yake, ndani ya fulana ya sufu, kifua cha Wilf kilikuwa kimetulia.

Uani bunduki ikalia, mlio mkavu, mzima, bila kikohozi.

"Umeisikia hiyo, Wilf?" Nev aliita kwa furaha. "Umeisikia?"